Picha za Papa Kutoka Juu

Nsimire mwanangu,

Ukisoma hii, mimi niko chumba cha pili na ninajifanya nimelala. Usije kunigusa bega. Soma kwanza mpaka mwisho, kisha uzime taa, maana kesho nitakuamsha mapema.

Ninaandika mchana. Wewe umeenda Nkungu kumuaga bibi yako, na nyumba iko kimya. Valizi yako ya safari imekaa katikati ya chumba kama mgeni aliyekataa kiti. Mambo ya kufunga mlango, ya chakula cha bantu usiowajua, ya wanaume wanaosifu nywele zako, hayo nilikuambia kwa kinywa, na najua nusu umeshayasahau. Siyaandiki. Ninaandika kwa sababu Jumapili tulipotoka kanisani uliniambia neno, na mimi nikakuacha na masahani mkononi, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba kama kuku anayekwepa mvua.

Ulisema hivi: "Maman, mbele sijapanda ile ndege, tumuzike Papa. Sitaki kukaa dirishani nikimutafuta huko juu."

Hukupandisha sauti. Afadhali ungepandisha, ningekugombeza na ingekwisha. Sasa unakwenda mbali, Addis, kujifunza ufundi wa ndege, na tangu Jumapili nimekaa na jibu lako tumboni. Leo nalitoa. Lakini haliwezi kutoka peke yake, lina ndugu zake, lazima niwatoe wote.

Papa yako unamkumbuka kidogo tu: harufu ya mafuta kwenye koti, na ile kofia ya sufu. Mimi ninamkumbuka mzima. Alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye ndege ndogo za ng'ambo ya Rusizi, zile zilizopeleka chumvi, sabuni na bia huko msituni ambako barabara zilikufa, zikarudi na magunia ya mawe ya madini. Asubuhi tulivuka daraja pamoja, mimi na beseni la nyanya kichwani, yeye mikono mfukoni. Bantu wa foleni walimtania: "Papa Nsimire, bibi anabeba, weye unabeba nini?" Anajibu: "Mimi ninalinda shingo. Mizigo ya ile ndege inaingoja mbele ya saa sita."

Wenzake walileta nyumbani nyama ya porini. Yeye alileta picha. Alikaa juu ya magunia, karibu na kadirisha, na simu yake mkononi. Jioni anakuweka juu ya goti na kukuonyesha. Msitu kutoka juu, kijani kibichi bila mwisho: "Angalia Nsimire, Mungu ameacha mboga ya sombe kwenye moto, imejaa mpaka inamwagika." Mto unaojikunja mara nyingi: "Hapa walichinja mbuzi, wakasahau utumbo." Na hadithi zake! Kwamba huko wanakotua, wamama wanaanika mihogo juu ya uwanja, kwa hiyo ndege lazima ipite kwanza chini chini kuwafukuza, izunguke, ndipo itue, na wamama wako pale na mikono kiunoni: "Mumetia vumbi kwa bugali yetu! Nani atakula?" Na yule rubani, mzungu mzee mwenye mguu mbaya, anashuka na kununua mihogo yote kwa kuomba amani. Na ile kuku ya abiria mmoja iliyotaga juu ya mawingu. Papa yako aliliomba lile yai, akalileta katika kofia mpaka hapa, tukalichemsha, ukalila wewe. Alisema: "Huyu sasa hatakaa chini tena." Nilicheka. Nilicheka kila kitu alichosema. Hapo ndipo nataka tufike.

Siku moja, nikiwa nachambua maharage, akaniambia: "Maman Nsimire, ile moteri ya kushoto ya ndege inakohoa."

Nikamwambia: "Kama inakohoa, muipatie tangawizi."

Tulicheka sana. Alifuta macho kwa kofia. Kesho yake akarudia, na safari hii hakuweka mzaha ndani: "Leo imekohoa zaidi. Patron mwenye ndege anasema ni mafuta machafu, itapita."

Nikasema: "Basi patron anajua."

Nsimire, nilimsikia vizuri. Usifikiri sikumsikia. Muntu ambaye umelala naye miaka, unajua anapokuomba kitu bila kukiomba. Alitaka nimwambie: kesho usiende, kaa hapa, tutakula nyanya zilizobaki. Lakini nilifikiri jirani watasema nini, mwanaume mzima amekaa mlangoni anaogopa kikohozi cha chuma. Nilichukia wamucheke. Kicheko cha jirani nilikiogopa kuliko ile moteri. Kwa hiyo niliinama, nikaendelea na maharage yangu, na yeye akaona nimeinama.

Asubuhi iliyofuata alinitumia picha. Unaijua: bawa la ndege, na mawingu meupe kama pamba iliyochanwa, na tundu moja tu ambamo jua linaingia. Pamoja nayo sauti yake: "Maman Nsimire, leo tunapita juu ya mvua. Nyinyi huko chini mutalowa, mimi nimekauka!" Na kweli mvua ilikuwa inapiga soko zima. Nilifunika nyanya kwa plastiki, nikamwekea yule wa meza ya pembeni asikilize, tukacheka naye. Ndege haikufika ilikokwenda. Haikurudi ilikotoka. Walitafuta, wakasema msitu huo ukimeza hautapiki. Hatukupata mwili, hatukupata hata kiatu.

Papa Mukubwa wako, kaka ya Papa, alikuja kutoka Bugarama, bado na vumbi la simenti kwenye nyusi, pamoja na shangazi yako Faida. Walikaa, wakanywa chai. Unajua namna inafanyika kwetu. Muntu akipotea na mwili usionekane, tunakata mgomba, tunaufunga katika blanketi yake, tunaushusha kaburini na kuulilia kama yeye. Ndipo yeye anajua kwamba amekufa, na waliobaki nao wanajua.

Papa Mukubwa akasema: "Shemeji, tumupatie ndugu yetu mahali pa kulala. Mgomba uko, blanketi iko, sisi tuko."

Nikasema: "Mgomba ni wa ndizi. Bwana yangu si ndizi."

Faida akaruka: "Sasa utakaa hivi mpaka lini? Si bibi ya muntu, si mjane. Nusu huku, nusu kule, kama kitenge kilichokatwa vibaya!"

"Nitakaa hivyo hivyo. Kilichokatwa ni changu."

"Hata mtoto utamufanya nusu?"

Hapo nikasimama, nikafungua mlango, nikawaonyesha njia. Ninyi wote mnajua kwamba niliwafukuza. Kile msichojua ni kwamba Faida alipotamka lile neno, nilikuona nyuma ya pazia, na jino lako la mbele lilikuwa limetoka siku ile ile, na ulikuwa umelishika ngumini umuonyeshe Papa akirudi.

Jioni ukauliza: "Papa hajatuma picha leo?"

Ningeweza kusema. Kinywa kilikuwa tayari. Lakini katika simu yangu zilikuwemo picha zake nyingi ambazo ulikuwa hujaziona, na kidole changu kikafungua moja kabla ya mimi mwenyewe kuamua. Nikasema: "Ametuma. Angalia." Kesho nikafungua nyingine. Nilikugawia papa yako kidogo kidogo, kama vile tunavyogawa sukari mwisho wa mwezi. Mpaka zikaisha.

Zilipoisha nilienda Kamembe kwa Maman Safi, yule mwenye meza karibu na stendi, aliyeuza vocha za simu na kutia nyimbo kwenye kadi. Nikamwambia nataka picha.

"Za harusi?"

"Za juu."

"Juu wapi, Maman Nsimire?"

"Juu kabisa."

Akaniangalia. "Bwana yako amekuwa malaika?"

Akaona macho yangu, akaacha mzaha, akafungua mashini yake. Alinitilia vitu ambavyo sikujua viko duniani. Ndege nyeupe ikipita mbele ya mwezi. Milima ya theluji ikiangaliwa kutoka dirishani. Treni juu ya daraja refu, na chini ya daraja ni mawingu, si maji. Viti vinavyoning'inia kwenye waya kati ya mlima na mlima, na bantu wamekaa humo wanatikisa miguu. Mimi ambaye safari yangu kubwa ni basi la msitu wa Nyungwe, plastiki mdomoni kwa kutapika kutoka Gisakura mpaka upande wa pili, nilikaa karibu na kitanda chako nikikusimulia: leo Papa amepumzika, wamemupandisha kwenye kiti cha waya, ameogopa kidogo, amefunga macho. Ulicheka. Ulisema, "Papa haogopi!" Nikasema, "Anaogopa, lakini anakwenda." Nilipotamka hivyo nikageuza simu kifudifudi.

Ukakua, na maswali yakakua. Mbona harudi? Kwa sababu yuko mbali. Mbali wapi? Nikarudi kwa Maman Safi, akanipa za mbali zaidi. Ule mnara wa chuma unaopanda angani juu ya moto, na moshi wake umelala chini kama ng'ombe. Dunia yetu yote, ya mviringo, ya buluu, ikiangaliwa kutoka mahali penye giza. Ulitafuta Rusizi humo kwa kidole. Uliuliza: "Huko anakula nini?" Nikasema sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani. Ukafikiri. "Sambaza zinaelea? Anazikamata tena, hata kama zimekaangwa?" Nikasema ndiyo, anazivua mara ya pili. Tulicheka mpaka ukashikwa na kwikwi. Ninakuambia ukweli, zilikuwa jioni nzuri. Uongo wangu ulikuwa na jioni nzuri, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Kisha ile picha moja. Muntu wa mavazi meupe, mazito, amening'inia peke yake katika giza, na mahali pa uso pana kioo. Ulisema: "Sioni uso wake." Nikasema: "Ni yeye, ameufunika kwa sababu ya jua." Ukambusu pale kwenye kioo, ukalala.

Mimi sikulala. Nilibaki naangalia kile kioo. Ukikuza picha, ndani ya kioo kuna kitu kidogo, kama muntu mwingine amesimama ndani. Labda ni mwenzake aliyempiga picha. Lakini mimi niliona bega. Nililijua lile bega. Kutoka siku ile, Nsimire, nilianza kuwa mtoto kuliko wewe. Ndege ikitua Kamembe, niliacha nyanya zangu na mteja mkononi, nikatoka nje kuhesabu wanaoshuka, kana kwamba ningeweza kuwaona kutoka kule nilikokuwa. Nilianza kumtumia picha. Ndiyo, yeye. Kwenye namba yake ya zamani. Zile zile za Maman Safi nilimrudishia: angalia, mtoto amependa hii. Chini ya kila moja inakaa ile alama ndogo moja inayosema imetoka lakini haijafika. Moja, moja, moja, kila siku. Niliizoea kama vile muntu anazoea kukohoa.

Siku moja zikawa mbili.

Hii sijamwambia muntu yeyote. Nilikuwa sokoni, simu mkononi, nikaona alama mbili chini ya picha zote, zimefika pamoja, zote, kama mlango uliofunguliwa. Na chini yake neno: "Ni nani?"

Nilikaa juu ya beseni la nyanya, nikazipondaponda zote. Nikaandika: "Ni mimi."

Likaja: "Mimi nani?"

Nikazima simu. Nilitembea nayo imezimwa kama anayebeba kaa la moto katika kitambaa. Nilifikiri, amenisahau. Aliumia kichwa huko msituni, amesahau jina langu. Nilifurahi. Kisha nikaiwasha nikapiga, ikashikwa na mwanamke. Nyuma yake mtoto mchanga analia. Sasa nikaelewa: ana bibi mwingine! Nikapata hasira ambayo sijapata kuipata, na chini ya hasira, furaha kubwa, kwa sababu mwanaume mwenye bibi mwingine ni mwanaume mzima, ana mwili, anakula. Nilimtukana yule mwanamke matusi ya soko yote. Nikamwambia, mbaki naye, lakini mumuambie Nsimire anamungoja.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema polepole, na sauti ya mbali: "Maman. Mimi niko Kindu. Hii namba nilinunua dukani na kadi mupya. Hakuna mwanaume hapa. Wangu alikufa."

Hakukata. Mtoto wake alikuwa bado analia, na mwisho akauliza: "Sasa hizi picha, nifute?"

Nikasema: "Zikae."

Akasema: "Zikae basi. Mtoto wangu mkubwa amezipenda."

Ndivyo nilivyojua kwamba Papa yako amekufa. Patron hakuniambia, mchungaji hakuniambia, shemeji hakuniambia mpaka nikasikia. Mjane wa Kindu aliniambia, na hatujaonana. Namba ya muntu aliye hai haiuzwi dukani. Lakini hata baada ya hapo sikukuambia. Nilikuwa nimekwisha kujenga nyumba, sikujua mlango wake uko wapi.

Wenzako wa shule ndio walioubomoa. Mwalimu aliuliza kazi za wazazi, wewe ukasimama na kusema Papa yako anafanya kazi juu, nje ya dunia. Walikuita Mtoto wa Satelite mpaka mwisho wa mwaka. "Satelite, Papa anakuona saa hii? Mupungie!" Ulirudi nyumbani, hukulia. Uliweka mfuko chini, ukaniuliza: "Ile ya bawa na mawingu, ni yake?"

"Ni yake."

"Na zingine?"

Ukaangalia mikono yangu ikificha simu, ukaelewa kwa mikono. Ukasema: "Basi nitaenda kuangalia mwenyewe." Na ukaanza kusoma kama muntu anayechimba. Niliogopa. Bado ninaogopa. Kila mara uliponionyesha picha ya moteri iliyofunguliwa, na kunieleza hewa inaingia huku, moto unatoka huku, mimi nilisikia kikohozi tu. Na wewe, siku zote hizo, hukunilaumu kwa hadithi zangu. Uliniambia mara moja tu, tukiwa tunamenya viazi: "Maman, zilikuwa nzuri. Shida ni kwamba hakuna mahali pa kwenda kumuamkia."

Nimefikiri sana nini nikupe. Mwanamke wa darasa la nne atamfundisha nini fundi wa ndege? Vyuma utafundishwa na wenye kujua. Mimi nina kitu kimoja tu, nimekinunua ghali: kitu kikikohoa, sema. Watakucheka. Watakuwa na haraka, abiria watakuwa wamekaa, patron ataangalia saa, na wewe utakuwa msichana peke yako mwenye mikono ya mafuta, mwenye lafudhi ya Cyangugu. Mmoja wao atafanya mzaha mzuri, mzuri kweli, na wewe utatamani kucheka nao ili muwe kitu kimoja. Cheka ukitaka. Lakini usiinamie maharage. Sema tena. Ukifunga msumari wa ndege yoyote, ufunge kama yeye amekaa ndani, juu ya magunia, karibu na kadirisha, anatafuta mahali pa kupiga picha.

Na ukiona muntu wako anakuambia hofu yake kwa mzaha, usimjibu kwa mzaha. Mwambie: kaa. Hata kama ni wewe mwenyewe unayejiambia.

Hasira yako juu yangu, kama iko mahali, usiiache hapa. Ichukue, utaimaliza huko polepole, hakuna anayekukimbiza. Mimi pia ninayo ya kwangu juu yake, kwamba alikwenda kwa sababu niliinama. Angeweza kunibishia. Miaka hii yote nimekuwa nikigombana naye katika mawingu, nikimrushia picha, na sikumpa nafasi ya kujibu wala ya kulala.

Sasa jibu lako.

Jana, uliponiona nimevaa buti na ukauliza ninakwenda wapi, nilikuambia ninakwenda kuangalia maharage. Nilikwenda kweli shambani Gashonga, lakini si kwa maharage. Nilitembea katika migomba yetu peke yangu. Nilifikiri nitachukua wowote, mgomba ni mgomba. Sikuweza. Mmoja mnene sana, mmoja umepinda, mmoja una mkungu tayari na huwezi kumzika muntu pamoja na chakula cha batoto. Mwisho nikapata mmoja wa urefu wake. Nilisimama nao kifua kwa kifua, nikapima kwa bega. Wale wa pikipiki waliokuwa wanapita barabarani walipiga honi, walifikiri mama huyu amelewa. Nikaucheka mgomba, nikaulilia, nikauambia maneno ambayo hayakuhusu. Sijaukata. Niliufunga kamba tu, usichanganywe na mingine.

Kisha nikampigia Papa Mukubwa wako. Nilikuwa sijaongea naye vizuri tangu siku ile ya mlango. Nikasema: "Shemeji, mgomba uko."

Nikasikia mashini za simenti nyuma yake. Kisha akasema: "Na blanketi?"

"Blanketi iko."

"Na Faida?"

"Aje. Lakini asiniambie lile neno la kitenge."

Akacheka, mzee yule, na katikati ya kicheko akaanza kulia, nikamwacha alie. Aliniuliza kama tutie na simu ndani, kwa sababu marehemu alipenda picha. Nikamwambia hapana. Simu itabaki na mimi, kesho kuna muntu atanitumia picha kutoka dirishani. Ninaogopa hiyo picha kuliko kitu chochote duniani, Nsimire, na utaituma. Lakini utue kwanza. Uweke miguu chini, uniandikie umefika, ndipo uitume. Usiitume ukiwa bado huko.

Shimo limechimbwa leo asubuhi, chini ya shamba, upande unaoangalia ziwa. Ndege yako ni ya mchana. Tutaondoka hapa giza likiwa bado, Papa Mukubwa atatungojea pale na panga, na utaukata wewe kwanza, kisha mimi. Tutalia vizuri, bila haraka. Tutamshusha chini. Ukiisha kuona udongo umejaa, tutashuka Kamembe, na utapanda ndege yako ukiwa huna muntu wa kumtafuta huko juu.

Vaa viatu vya zamani, kule kuna tope. Vile vipya viweke juu ya valizi.

Maman wako